Cheti cha Kifo: Safari Inayoanzia Zahanati na Kumalizikia Ofisi ya Mkuu wa Wilaya

Hospitali haitoi cheti cha kifo. Sentensi hii fupi, kama ingebandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha maiti, ingewaokolea wakazi wengi wa Msalala nauli ya kwenda na kurudi Kahama, na wengine ingewaepusha na miaka ya kuhangaika mahakamani. Mfiwa anapokabidhiwa mwili wa ndugu yake hupewa karatasi yenye jina la marehemu, saini ya daktari na muhuri wa kituo cha afya. Akishauona muhuri huamini kwamba shughuli ya Serikali imekwisha, akaikunja karatasi ile, akaitia mfukoni na kugeukia mambo ya jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji. Karatasi hiyo ni tangazo la kifo. Ni taarifa tu kwamba kifo kimetokea, na bila kufikishwa kwa msajili haifungui mlango wowote.

Ipo karatasi nyingine ambayo nayo huchanganywa na cheti, yaani kibali cha mazishi. Kibali kinaruhusu mwili uzikwe. Kazi yake inakwisha kaburi linapofukiwa, ingawa si busara kukitupa, kwa sababu huenda kikahitajika baadaye kama ushahidi. Cheti cha kifo ni karatasi ya tatu, na ndiyo pekee inayotambuliwa na mahakama, benki, mifuko ya hifadhi ya jamii na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wananchi wanaufahamu zaidi kwa jina la RITA, ulioanzishwa mwaka 2006 na unaofanya kazi chini ya wizara inayosimamia mambo ya katiba na sheria.

Wilayani, huduma ya RITA hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili wa vizazi na vifo. Hapo ndipo wakazi wengi wa halmashauri hii wanapopotea njia. Msalala ni halmashauri, si wilaya ya kiutawala. Wilaya ni Kahama, nayo ina halmashauri tatu ndani yake: Manispaa ya Kahama, Ushetu na Msalala. Kwa hiyo mkazi wa Bugarama, Segese, Lunguya au Isaka anayefuatilia cheti hapaswi kuishia Ntobo yalipo makao makuu ya Halmashauri. Anapaswa kufika Kahama mjini. Jirani zetu wa Geita wana tatizo linalofanana na hili: makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Geita yapo Nzera, ilhali ofisi ya Mkuu wa Wilaya ipo Geita mjini.

Mkanganyiko huu umeongezwa, pasipo kukusudiwa, na jambo jema. Tangu mwaka 2017 mikoa ya Shinyanga na Geita imo katika mpango wa kusajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano, ambao huwawezesha wazazi kupata cheti cha kuzaliwa cha mtoto bila malipo katika ofisi ya kata au kituo cha afya kinachotoa huduma ya mama na mtoto. Mzazi aliyepata cheti cha mwanawe kwa urahisi huo hufikiri kwamba cheti cha kifo cha mumewe kitapatikana vivyo hivyo, pale pale kwa mtendaji wa kata. Mtendaji ana sehemu yake katika usajili wa vifo, tena sehemu kubwa, lakini rejista haiko mezani kwake.

Nani anakihitaji cheti hiki

Katika vijiji vya wakulima na wafugaji, familia nyingi zimeishi vizazi na vizazi bila cheti cha kifo hata kimoja, na hazikuona pengo. Enzi za ukoloni sheria ya usajili haikuwalazimisha Waafrika kuandikisha vizazi na vifo vyao, na mazoea hayo yalirithiwa. Shamba liligawanywa na wazee, ng'ombe wakahesabiwa mbele ya ukoo, mambo yakaisha. Leo mali ya marehemu haikai tena zizini peke yake. Ipo akaunti ya benki, ipo pesa kwenye simu, yapo malipo ya pamba yaliyobaki AMCOS, kipo kiwanja chenye hati Kahama mjini, ipo leseni ya uchimbaji mdogo yenye jina lake. Wazee wa ukoo, hata wakikubaliana kwa kauli moja, hawawezi kuiamuru benki itoe fedha.

Benki itauliza barua ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi nyingi za wananchi wa kawaida hufunguliwa, itauliza mambo mawili mwanzoni: uthibitisho kwamba mwenye mali amefariki, na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Muhtasari huo familia huuandika yenyewe, na kwa kawaida huwa tayari mapema kwa sababu kikao hufanyika siku ya kuanua matanga, ndugu wa mbali wakiwa bado hawajatawanyika. Kinachokosekana ni cheti. Ni vyema ikaeleweka pia kwamba muhtasari wa ukoo ni wa kufungulia mirathi, haumsajili marehemu. Wapo wanaofika dirisha la msajili na muhtasari mkononi, umesainiwa na watu ishirini, lakini tangazo la kifo wameliacha nyumbani.

Kwa mjane wa mtu aliyekuwa ameajiriwa, cheti kina uzito wa pekee. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, una mafao ya warithi kwa wategemezi wa mwanachama aliyefariki, na haulipi kwa masimulizi. Kama kifo kimetokana na ajali ya kazini au ugonjwa uliosababishwa na kazi, upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huu unamhusu mfanyakazi wa mgodi mkubwa kama Bulyanhulu, na unamhusu vilevile dereva, mlinzi au mpishi aliyeajiriwa na mkandarasi mdogo anayetoa huduma mgodini. Ajali inapaswa kutolewa taarifa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, na mjane anayesubiri mwaka wa maombolezo upite ndipo aanze kufuatilia karatasi anaweza kukuta muda umemkimbia.

Kundi la mwisho ni la vijana. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu akiwa amefiwa na mzazi mmoja au wote wawili hutakiwa kuwasilisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Mara nyingi mzazi huyo alifariki mwombaji akiwa darasa la pili au la tatu, na hakuna aliyewaza kwamba mtoto yule siku moja angeulizwa. Dirisha la mikopo linapofunguliwa, kijana huyo ana wiki chache za kusajili kifo kilichotokea miaka mingi iliyopita.

Siku 30 za kwanza

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 tangu kilipotokea. Sheria haibagui: kila kifo kinachotokea Tanzania Bara kinahusika, awe marehemu mzee wa miaka tisini au kichanga cha siku moja, awe mwenyeji au mgeni kutoka nchi jirani aliyefuata dhahabu.

Kifo kikitokea zahanati, kituo cha afya au hospitali, tangazo hujazwa pale pale na mhudumu mwenye dhamana. Kikitokea nyumbani, ndugu wana wajibu wa kumjulisha mtendaji wa kijiji au wa mtaa, ambaye huandika taarifa ya kifo. Wasisubiri mazishi yaishe. Mtendaji aliyeuona msiba anaandika kwa uhakika. Anayefuatwa baada ya miezi minane hulazimika kuuliza majirani.

Baada ya hapo ndugu mmoja hulipeleka tangazo kwa msajili, pamoja na kitambulisho chake mwenyewe na, kikiwepo, kitambulisho cha Taifa cha marehemu au namba yake ya NIDA. Mwombaji anaweza pia kuanzia kwenye mfumo wa eRITA kwa kutumia simu au kompyuta, akaambatisha nyaraka zake humo. Kwa asiye na mazoea na mtandao, kwenda ofisini bado ni njia halali na wala si ya kuonea haya. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa Serikali, kupitia benki au simu. Ada hupanda usajili unapochelewa. Fedha yoyote inayoombwa mkononi, bila kumbukumbu namba na bila risiti, haina uhusiano na cheti.

Jambo moja linahitaji kusemwa kwa mkazo kwa sababu ya jinsi watu wa ukanda huu wanavyoishi na kufa. Kifo husajiliwa katika wilaya kilikotokea. Pale mwili unapozikwa hakuhusiki, na alipozaliwa marehemu hakuhusiki. Kakola, Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo ni makazi ya watu kutoka Kigoma, Mara, Tabora, Kagera, Singida na kwingineko. Mtu akifariki, wenzake huchanga, hukodi gari, na mwili huondoka usiku huo huo kwenda kwao. Msafara ukishafika Kasulu au Tarime, msajili wa kule hana mamlaka ya kuandika kifo cha Kahama. Familia hulazimika kurudi, au kumtegemea rafiki wa marehemu aliyebaki mgodini, ambaye naye pengine ameshahamia kwenye rashi nyingine.

Hali hiyo huwapata hata wenyeji. Mgonjwa mahututi wa Msalala hupewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga, na wengine hupelekwa hadi Bugando. Akifia Bugando, amefia wilaya ya Nyamagana, mkoani Mwanza, na huko ndiko atakakosajiliwa. Ndugu waliopo Mwanza siku hiyo wangefanya hisani kubwa kwa mjane kama wangeulizia usajili kabla ya gari kuondoka. Lau hilo haliwezekani, basi angalau tangazo lisiondoke mikononi mwa mtu mmoja anayejulikana na lipigwe picha kwa simu, kwa maana misiba hupoteza karatasi kuliko mafuriko.

Jina la mgodini na jina la kitambulisho

Makosa ya majina ndiyo yanayochelewesha vyeti kuliko jambo lingine lolote, na katika maeneo ya dhahabu yana chanzo chake maalumu. Mchimbaji anaweza kufanya kazi kwenye maduara kwa miaka sita akijulikana kwa jina la utani: jina la kabila lake, la mchezaji wa mpira, au la tukio fulani lililowachekesha wenzake siku ya kwanza. Siku anapougua au kuumia, wanaomkimbiza zahanati ni wenzake wa zamu. Mhudumu anauliza jina, wao wanataja wanalolijua. Akifariki, tangazo linatoka na jina hilo. Huko kwao, mke ana cheti cha ndoa chenye jina la ubatizo, watoto wana vyeti vyenye jina la babu, na NSSF ina jina la tatu.

Majina ya Kisukuma nayo yana mitego yake, hata pasipo utani. Herufi zinazoandika sauti kama Ng'w na Mh hupotea au kugeuka kila karani anapoandika kwa namna yake, na mtu mmoja akawa na tahajia tatu katika nyaraka tatu. Kuhusu Kulwa na Doto hakuna haja ya kueleza: kila kitongoji kinao kadhaa, na tangazo lililoandikwa “Doto” peke yake halimtambulishi mtu yeyote. Majina matatu, yakiandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, ndiyo kinga.

Kosa likigunduliwa likiwa bado kwenye tangazo, kituo cha afya kilichoandika ndicho kinachofuatwa, nalo husahihishwa kwa ushahidi wa kitambulisho. Likishaingia kwenye rejista na cheti kikatoka, marekebisho huombwa kwa msajili, kwa hati ya kiapo na nyaraka zinazoonyesha kwamba majina yote mawili ni ya mtu yule yule. Kiapo hicho hulipiwa, na safari hulipiwa pia. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni dakika tano za kusoma karatasi pale chumba cha maiti, kazi ngumu kwa mtu aliyefiwa muda si mrefu. Kwa sababu hiyo inafaa apewe ndugu au jirani mwenye macho makavu.

Viongozi wa vikundi vya uchimbaji na wenye maduara wana nafasi ya kusaidia hapa kuliko ofisi yoyote. Orodha ya zamu inayoonyesha walioingia shimoni, ikiwa na majina kamili, namba za NIDA na simu ya ndugu wa karibu, hugharimu daftari moja. Huhitajika zaidi siku ambayo duara limeporomoka.

Kifo cha ajali, na mwili usiopatikana

Kifo cha ghafla, cha ajali au chenye utata hakiishii zahanati. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inataka kitolewe taarifa ili chanzo chake kichunguzwe, na kwa hiyo polisi hujulishwa na daktari huuchunguza mwili kabla ya ruhusa ya kuzika kutolewa. Baadhi ya wenzake na marehemu huogopa hatua hii, hasa pale walipokuwa wakichimba eneo lisilo na leseni, na huona afadhali mwili upelekwe moja kwa moja kijijini na kuzikwa kimyakimya. Woga huo unaeleweka. Gharama yake, hata hivyo, inamwangukia mtu ambaye hakuwepo: mke na watoto, ambao hawatakuwa na taarifa ya daktari, wala ya polisi, wala tangazo, na ambao miaka kadhaa baadaye wataulizwa baba alifia wapi na kwa nini.

Gumu zaidi ni pale ambapo mwili haukupatikana. Mkoa wa Shinyanga umeyaona haya kwa macho yake. Agosti 2025 mgodi mdogo wa Nyandolwa, wilayani Shinyanga, ulititia na kuwafukia wachimbaji 25, na familia zilikesha hapo siku nyingi zikisubiri waokoaji. Katika hali kama hiyo ndugu huuliza kwa nini Serikali isiandike tu kwamba waliomo chini wamekufa, maana kila mtu ameona shimo likifunga.

Jibu lipo hapa hapa wilayani Kahama. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata. Siku zilipita, matumaini yakaisha. Mwezi uliofuata, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Laiti vyeti vingekuwa vimeandikwa katika juma la pili, wanaume hao wangepanda juu na kukuta kwamba kisheria hawapo, mali zao ziko kwenye mikono mingine na wake zao ni wajane. Msajili haandiki kifo kwa kudhani, na uzito huo wa sheria ambao mfiwa huuona kama ukatili una sababu.

Hata hivyo sheria haikuwaacha ndugu wa mtu asiyeonekana bila mlango. Pale ambapo hakuna mwili, njia hupitia mahakamani. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema kwamba mtu akiwa hajasikika kwa miaka 5 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, anayedai kwamba mtu huyo yu hai ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kanuni hiyo humhusu pia kijana aliyeaga kwao kwenda “kutafuta” Geita au Chunya na hakurudi. Ili siku hizo zihesabike, lazima pawepo mahali zilipoanzia, nalo ni jalada la polisi. Familia inayopotelewa na mtu itoe taarifa kituo cha polisi mapema, ichukue namba ya taarifa hiyo, na mtendaji wa kijiji awe na kumbukumbu ya jambo hilo. Wengi huanza kuhesabu miaka kichwani, na mahakamani hesabu ya kichwani ni dhaifu.

Kifo cha zamani

Aliyepitwa na siku 30 hajafungiwa mlango. Usajili uliochelewa hufanywa kila siku, ila ushahidi wake ni mzito zaidi. Msajili atataka kuona tangazo la zamani kama bado lipo, kibali cha mazishi, kumbukumbu za hospitali, barua ya mtendaji wa kijiji au kata inayoeleza kwa tarehe na mahali, na hati ya kiapo ya ndugu anayelijua tukio. Si lazima vyote vipatikane, lakini vinavyopatikana visipingane. Barua ya mtendaji inayosema marehemu alifariki Machi, na kiapo kinachosema Juni, vitarudishwa vyote viwili. Kabla ya kuandika lolote familia ikae na kukubaliana tarehe, kwa kulinganisha na mambo yasiyosahaulika: mwaka wa uchaguzi, msimu wa mavuno, darasa alilokuwa mtoto.

Yupo pia anayedhani kifo hakikusajiliwa kumbe kilisajiliwa zamani na cheti kikapotea. Huyu haombi usajili mpya. Anaomba upekuzi kwenye rejista na nakala ya cheti. Hapa historia ya mipaka inaweza kumpoteza. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Geita ilikuwa Mwanza, Chato ilikuwa Kagera, na Bukombe ilikuwa Shinyanga. Mbogwe yenyewe ilimegwa kutoka Bukombe, na Nyang'hwale kutoka Geita. Kwa hiyo cheti cha mtu aliyefia Masumbwe mwaka 2005, kilichoandikwa wilaya ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga, hakina kosa, na hakuna haja ya kukipeleka kurekebishwa kwa kuwa Masumbwe leo ni Mbogwe, mkoani Geita. Anayetafuta rejista ya kifo hicho aanzie Ushirombo, yalipo makao makuu ya Bukombe.

Nakala iliyothibitishwa

Taasisi nyingi huomba “nakala iliyothibitishwa”, na maneno hayo yana maana mbili. Maana ya kwanza ni fotokopi ya cheti iliyogongwa muhuri na wakili au hakimu anayethibitisha kwamba ameona cheti halisi. Hiyo inatosha kwa mambo mengi, na mwananchi asikubali kuacha cheti halisi mahali fulani wakati fotokopi ya aina hiyo ingekubalika. Maana ya pili ni dondoo la rejista linalotolewa na RITA yenyewe, lenye saini na muhuri wa msajili, ambalo lina nguvu sawa na cheti cha kwanza. Hili ndilo linaloombwa cheti kikiwa kimepotea, kimeungua au kimeliwa na mchwa. Kabla ya kulipia, ni heri kuuliza taasisi husika inataka ipi.

Uhakiki ni jambo jingine tena. Bodi ya Mikopo haitosheki na muhuri wa wakili. Hutaka RITA ithibitishe kwamba cheti kilichowasilishwa kimo kweli kwenye kumbukumbu zake. Uhakiki huombwa kwa njia ya mtandao, kwa kupakia nakala ya cheti na kulipia. Wanafunzi wa kidato cha sita wanaofahamu kwamba wataomba mkopo hawana sababu ya kusubiri dirisha lifunguliwe, kwa sababu msongamano wa majuma hayo ni mkubwa, na vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono mara nyingine hulazimika kutafutwa kwenye vitabu.

Siku ya kuchukua cheti, mwombaji akisome pale pale dirishani kabla hajakitia kwenye bahasha. Majina yote matatu ya marehemu, herufi kwa herufi, kwa kulinganisha na kitambulisho. Jinsi. Umri. Tarehe ya kifo, ambayo isichanganywe na tarehe ya mazishi. Mahali pa kifo, si mahali pa kaburi. Kisha saini na muhuri wa msajili. Asiyejua kusoma aende na anayejua, na karani akiombwa asome kwa sauti asione ni usumbufu.